Jani la Pili la Bibi Somoe

Enzi zetu pale Kivinje, mtoto asiye na donda mguuni alionekana hachezi. Tulikimbia peku, miiba ikatuparura, na jioni tukapanga foleni mbele ya sufuria la bibi yetu, Bibi Somoe, lililochemka majani ya mwarobaini mpaka nyumba nzima ikanuka uchungu. Ukioshwa, unapiga yowe mpaka kijiji cha Nangurukuru wakusikie. "Lia kidogo," bibi alisema, "ubakishe ya kesho."

Akishaosha, alibandika jani la pili, bichi, lililopondwa, lenye harufu inayokaribia karafuu. Baada ya siku chache donda limekauka. Jina lake hatukulijua. Kwao Umatumbini dawa ile haikutajwa. Ilionyeshwa kwa mkono, alfajiri kabla ya mtu kula, kwa mjukuu mmoja tu.

Akanichagua mimi. "Kesho twende wote, mjukuu wangu. Macho yangu yameanza kuchoka."

Kumbe kesho yake ilikuwa Jumamosi, tuna rede na wasichana wa mtaa wa pili, na kwa kukwepa mpira hakuna aliyenifikia. Alfajiri nikajikunja mkekani. "Bibi, tumbo linanikata." Alinitazama, akanichemshia kikombe kizima cha mwarobaini na kunisimamia mpaka tone la mwisho. Kisha akashika fimbo yake, akaenda peke yake. Rede tulishinda, na ulimi wangu ulikaa mchungu siku mbili. Nilijiona mjanja kweli. Hakuniita tena, na mwaka uliofuata tulimzika.

Sasa binti yangu Zuhura anasomea kazi za maabara Dar. Vijana wa leo nawajua: kipele kimoja kikimtoka, anakipiga picha kwanza, kisha anaiuliza simu kama atapona. Lakini likizo iliyopita aliondoka na mfuko wa majani ya mwarobaini wa uani kwetu, na juzi akanitumia picha ya kisahani kilichojaa bakteria. Katikati pana kikaratasi kilicholoweshwa maji ya mwarobaini, na kukizunguka pako safi, vijidudu vimeshindwa kuota. Nilicheka peke yangu jikoni. Nilitamani bibi aione.

Halafu akapiga simu. "Mama, mwarobaini unajitahidi, ila hilo duara ni dogo. Mimi nalitaka lile jani la pili la bibi yako ulilonisimulia. Linaitwaje?"

Nimezunguka vichaka vya nyuma ya mji wiki nzima, naponda jani moja moja na kulinusa. Vingi vimeshafyekwa, watu wanalima ufuta. Mguuni nina kovu laini, halijulikani mpaka uliguse, na ndilo pekee lililobaki la dawa ile. Inaniuma. Sisi tulikuwa na dawa na mwenye kuionyesha, tukaona mpira ni bora. Huyu wa leo, ninayemcheka kwa simu yake, angeamka alfajiri bila kuitwa mara mbili.

"Kwani bibi hakutaka kukuonyesha, mama?"

"Alitaka," nikamjibu. "Siku hiyo nilikuwa naumwa tumbo."