Maua ya Saa Nne

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipojitia kumfundisha bibi yangu kilimo. Cheka tu. Hata mimi nacheka sasa, lakini wakati ule nililia.

Ilikuwa miaka ile ya sabini, watu wa vilimani kwetu Kasulu walipoambiwa wahamie vijiji vipya kando ya barabara. Sisi tulipangiwa Makere. Nyumba hubomolewa ikajengwa kwingine, mbuzi huswagwa, lakini kaburi halihamishiki. Baba yangu alikuwa amelala nyuma ya migomba, hata mwaka haujaisha. Bibi, mama yake mzazi, hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba nyasi zitalimeza kaburi la mwanawe na yeye hatalijua tena.

Alikuwa na mbegu alizozifunga kwenye pindo la kitenge chake. Zilikuwa za maua yanayotambaa chini, yenye vijani vinene vilivyojaa maji. Mwenyewe aliyaita maua ya saa nne, maana hayafunguki mpaka jua lipande. Mbegu zake ni ndogo kama ugoro. Ukipiga chafya zimekwenda. Akanimiminia kiganjani, akaniagiza nizinyunyize juu ya kaburi, nisizifukie.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na jembe langu mwenyewe. Nimekua nikipanda mahindi na maharagwe, na kwetu mbegu iliyo wazi ni chakula cha kuku. Nikasema moyoni, Bibi amezeeka, amesahau. Nikazifukia vidole vinne chini, nikarudi nyumbani nimejaa sifa.

Kila asubuhi Bibi alikwenda na fimbo yake, akainama kutazama, akarudi. Wiki mbili zikapita, siku ya kuhama ikakaribia. Asubuhi moja nilimkuta amepiga magoti, anapapasa udongo kwa vidole kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri. Hapo nilishindwa, nikamwambia nilichofanya.

Hakunipiga. Aliniuliza nilifukia kina gani, nikamwonyesha.

"Mwana wanje," akaniita kwa Kiha chetu, yaani mwanangu, "umezitunza kama maharagwe. Hizi hazina nguvu hiyo. Zinataka kuliona jua ndipo ziote."

Kisha akafungua pindo la pili la kitenge. Nusu ya mbegu alikuwa amezibakiza. Nikamuuliza mbona hakunipa zote.

"Nimekulea mimi," akasema. "Nakujua."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tulizichanganya na mchanga, tukazinyunyiza, tukazigandamiza kwa viganja, tukawa tunazirushia maji kidogo kidogo kwa tawi la majani. Tulipohama, vilikuwa vimechipua vijani vya kuonekana kwa taabu.

Mvua zilipokolea tulirudi, mimi na yeye, tukaondoka alfajiri kwa miguu. Nyasi zilikuwa zimenifika kiunoni. Nilihangaika mpaka nikaliona kaburi: zulia la kijani, wala hakuna ua hata moja. Nikaanza kulia, nikijua ni kosa langu. Bibi akaketi chini, akanivuta kanga.

"Kaa. Saa nne bado."

Tukakaa. Jua lilipopanda, ua moja likafunguka, kisha jingine, mpaka kaburi zima la baba likawa jekundu na njano. Bibi akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni, ambalo sikuwa nimelisikia tangu tumzike. Nilimpenda sana bibi yule, mwanangu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilipona kwa kuwa mkuu alinijua mapema. Basi unapopewa kazi na anayeijua, ifanye alivyosema, hata kama jembe ni lako. Kosa usilifukie, litoe juani kabla mtu hajapiga magoti kulitafuta. Na ukikuta hakuna ua, usianze na kilio, tazama kwanza jua limefika wapi.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kupanda, na akujalie mtu wa kukubakizia nusu ya mbegu.