Siku Mama Alipokalia Ngoma

Limau na majivu. Hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu, wala sitaipamba iwe ya maua. Mama alikata limau katikati, akachovya nusu yake kwenye majivu ya makaa yaliyochekechwa, kisha akasugua shaba kwa kuzungusha mkono polepole, mpaka weusi ulipotoka na wekundu wa chini ukajitokeza kama shavu la mtoto aliyetoka kuogeshwa. Tulikaa mtaa wa Panda, hapa mjini Likasi, katika nyumba za kambi zilizojengwa safu kwa safu kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda, nyumba ambazo ukikohoa, jirani wa upande wa pili anakupa pole. Kila kiangazi, baridi ilipoingia na upepo ukaanza kubeba vumbi jekundu pamoja na moshi wa nyasi zilizochomwa vilimani, bakuli la mashindano lililetwa kwetu siku moja kabla ya fainali ili lisuguliwe. Lilikuwa kubwa kiasi cha kumlaza mtoto mchanga ndani yake, na lilikuwa na alama za nyundo pande zote, ndogo ndogo kama magamba ya samaki.

Nyundo hiyo ilikuwa ya babu yangu, baba yake Mama, ambaye sote tulimwita Kambo, kama kwetu anavyoitwa babu au bibi yeyote. Alifanya kazi ya kuyeyusha shaba mpaka alipozeeka, na kipande alichopewa siku ya kustaafu hakukitundika ukutani kama wenzake. Alikifua miezi mingi nyuma ya nyumba, kikawa bakuli, akalitoa lishindaniwe na timu za mpira za vyuo vya ufundi vya mji wetu. Aliweka masharti mawili. La kwanza, chuo kitakachoshinda mara nne mfululizo kitalichukua, lisirudi tena. La pili, bakuli hilo lisitiwe kitu chochote isipokuwa bukari, yaani ugali wetu, ambao washindi na mashabiki wao wangeula pamoja humo kwa mikono. "Shaba na kintu kikali habapatanake," alituambia. Kikali kwake kilikuwa limau, nyanya, siki, na kila kinachochacha. Limau ni la kusugulia, kisha unaosha sana kwa maji. Hilo mtoto yeyote wa nyumbani kwetu alilijua kabla ya kujua kuhesabu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa. Kambo alikuwa amefariki wakati wa mvua zilizotangulia, na chuo cha upande wa pili wa mji kilikuwa kimeshinda mara tatu mfululizo. Fainali ilikuwa kati yao na chuo chetu cha Panda. Nilimtazama Mama akisugua jioni ile, nikaona kwamba hasugui kama siku zote. Alipita juu ya kila alama ya nyundo kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine. Nikamuuliza kama linaumwa. Akasema, "Numbi, kesho wakilipata, sitaliona tena. Na mkono wa baba yangu uko humu tu. Kwingine sina." Hakulia. Aliniambia nikachote maji.

Wale wapinzani walikuwa na kijana mmoja mrefu aliyeitwa Saa, kwa sababu hakukosa penalti hata siku moja. Watu walisema amekunywa dawa, wengine wakasema ana mguu wa chuma. Mama alikuwa ametembea kwa miguu mpaka uwanja wao kutazama nusu fainali, akarudi na vumbi hadi magotini, akakaa kizingitini akigonga sakafu kwa kisigino, tu-tu-tuu, tu-tu-tuu, kama mtu anayekumbuka wimbo. Mjue kwamba Mama ndiye aliyewaongoza wanawake wa Panda kuimba uwanjani. Mpira hakuujua sana. Mpaka leo mambo ya kuotea yanamtatiza. Lakini mguu wa mtu anayecheza ngoma aliujua kuliko kocha yeyote.

Siku yenyewe uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta wa shule. Upande wetu kulikuwa na ngoma kubwa ya mti iliyopigwa na wanaume wawili, ngoma ndogo nne, na sisi watoto tukiwa na bidoni, yaani madumu ya plastiki ya rangi ya manjano. Mkuu wa mashabiki alikuwa Papa Kyungu, jirani yetu, mtu wa tumbo na filimbi shingoni. Kipindi cha kwanza wapinzani wakapewa penalti. Papa Kyungu akapiga kelele, "Mupige! Mupige kwa nguvu, aogope!" Tukapiga mpaka viganja vikawaka. Saa akaweka mikono kiunoni, akangoja, akatikisa kichwa kidogo, kisha akatoka mbio. Goli. Kipa wetu Musao hata hakusogea. Nikamgeukia Mama ili tulie pamoja, nikamkuta anatazama miguu ya Saa na midomo yake inahesabu.

Kipindi cha pili tukasawazisha kwa kichwa, na vumbi la kushangilia lilipotulia, Mama alimfuata Papa Kyungu. Nilimsikia kwa masikio yangu. "Papa Kyungu, ule kijana anapigaka na ngoma. Mukono kwa kiuno, anangoja mulio ya tatu, ile nguvu, ndio anaruka. Ni siye benyewe tunamuchezesha." Papa Kyungu akacheka, akawageukia wenzake: "Mama Numbi anataka kuwa kocha! Mama, rudia kwa nyimbo. Hii iko mupira, haiko malilio." Malilio ni matanga. Kwetu, ngoma zikinyamaza watu wakiwa wamekusanyika, ni kwamba kuna maiti. Wanaume wakacheka naye. Mama akarudi mahali pake, akafunga kikwembe chake cha kitenge vizuri zaidi kiunoni.

Zikiwa zimebaki dakika chache, beki wetu akaushika mpira kwa mkono. Penalti tena. Nakumbuka bakuli likiwa juu ya meza ya wageni, limeelekezwa juani, linawaka. Papa Kyungu akapuliza filimbi yake: "Ngoma! Ngoma zote!" Wale wanaume wawili wakainua fimbo. Hapo ndipo Mama alipowapita, akageuka, na akaikalia ile ngoma kubwa. Akaketi kabisa, uzito wake wote, kikwembe kimefunika ngozi. Akanyoosha mkono mmoja akabana bidoni yangu kwa kiganja, kwa nguvu mpaka vidole vyangu vikabanwa chini yake, akawaambia wanawake kwa sauti ndogo tu, "Munyamaze."

Lazima nieleze, kwa sababu wasomaji wa kwingine hawatajua uzito wake. Mwanamke hakalii ngoma kwetu. Anaweza kuipiga akiruhusiwa, anaweza kuicheza, lakini kuikalia ni tusi, ni kama kukalia sahani ya baba mkwe. Watu walishika vinywa. Mzee mmoja akatema mate chini. Lakini ni mshangao huo uliofanya kazi, maana hakuna aliyepiga tena chochote. Kimya kikatoka kwetu, kikazunguka uwanja mpaka upande wao, na ngoma zao nazo zikasita kwa sababu walitaka kujua ni nani aliyekufa. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nilisikia bendera inapigwapigwa na upepo. Nilisikia mtoto anakohoa juu ya ukuta.

Saa akaweka mikono kiunoni. Akangoja. Akatazama kulia, akatazama kwetu. Mwamuzi akapuliza mara ya pili. Saa akaanza, akasita katikati kama mtu aliyekosa ngazi gizani, akaupiga mpira ukaenda taratibu mpaka tumboni kwa Musao. Musao akaukumbatia kama mkate. Halafu akaurusha mbali, vijana wetu wakakimbia nao huku wapinzani bado wameshika vichwa, na tukafunga. Mbili kwa moja. Bakuli likabaki.

Waliobeba wachezaji mabegani walikuwa wengi. Mama alishuka kwenye ngoma peke yake, akapangusa vumbi la kikwembe chake, akaenda kusonga bukari, maana washindi walikuwa wanakuja kula kwetu. Lakini kabla bukari haijaiva, Papa Kyungu na wenzake, kwa furaha, wakalijaza bakuli munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na ule ulikuwa umechacha siku tatu. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Hapana! Musitie munkoyo mule! Kambo alikatazaka!" Wakamwambia amekwisha kukalia ngoma, sasa anataka kukalia na furaha yao pia. Wakanywa kwa zamu, wakisifu ladha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wao walivunjika matumbo. Kabla jua halijatua, mabingwa wa Likasi walikuwa wamepanga foleni kwenye vyoo vya kambi, wengine hawakufika. Nilicheka mpaka Mama akanifinya, kisha yeye mwenyewe akaingia ndani ili acheke vizuri.

Sasa nawaambia kinachoniudhi. Miaka imepita, mimi ni mama wa mtoto wa kike wa miaka minane, na kila kiangazi mashabiki wale wale hukusanyika uani kwa Papa Kyungu kuisimulia siku ile. Bakuli, lililobaki Panda mashindano yalipokoma, husuguliwa na Mama, bukari husongwa na Mama na mimi, na wanaume hula nje huku wanawake wakila jikoni kwenye masufuria. Katika masimulizi yao Musao aliruka kama chui. Katika masimulizi yao munkoyo ulitiwa sumu na wapinzani. Ngoma? Ngoma zilipigwa mpaka mwisho, Saa akaogopa. Wamelirudia hilo mpaka wanaliamini, na najua sababu. Wakisema ukweli, watalazimika kusema pia kwamba mwanamke aliikalia ngoma yao na ikawafaa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mama alicheza kwao, na tuzo yake ni majivu kwenye kucha.

Mwaka huu binti yangu alisimama mlangoni akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akaja jikoni akauliza, "Mama, siku ile Kambo alikuwa wapi?" Kambo wake yeye ni mama yangu, aliyekuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, anaondoa limau kwenye bakuli kwa maji ya tatu. Mama akatabasamu, akasema, "Nilikuwako tu." Tu! Hapo moyo wangu ulichemka kuliko sufuria.

Musao aliingia wakati huo huo kutafuta maji ya kunywa. Leo ni dereva wa lori, amenenepa, magoti yanamuuma. Alikuwa amesikia swali la mtoto. Akainama karibu na Mama, akasema polepole ili walio nje wasisikie, "Mama, miye najua. Sikuruka siku ile. Mupira ilikuja yenyewe. Ni kimya yako."

"Basi enda ukaseme kule kwa benzako," nikamwambia.

"Aa, Numbi! Weye iko mukali sana. Bale bazee, utababadilisha?"

"Sikuombi ubadilishe wazee. Nakuomba useme."

Akacheka, akanywa maji yake. Nikaipua bukari, nikaipindua ndani ya bakuli, nyeupe, inatoa moshi juu ya ile shaba nyekundu. Desturi ni kuibeba nje moja kwa moja. Sikuibeba nje. Nililiweka bakuli sakafuni mbele ya miguu ya Mama, nikamwita binti yangu anawe mikono akae, kisha nikakaa mimi. Mama akaniambia nisifanye aibu. Nikamwambia, "Anza weye." Huko nje zikaanza sauti: "Bukari iko wapi? Numbi! Inapoa!" Papa Kyungu akaja hadi mlangoni na filimbi yake, ambayo bado anaivaa, akatukuta tumelizunguka bakuli la babu yangu. Akafungua kinywa. Mama, bila kumtazama, akanyoosha kiganja chake wazi hewani, kile kile kilichobana bidoni yangu, na Papa Kyungu akakifunga kinywa chake.

Zamani bakuli hili lilipigiwa ngoma na mji mzima. Leo vyuo vile havichezi tena, nusu ya uwanja imejengwa nyumba, vijana wanashangilia timu za mbali kwenye simu, na Likasi imebaki na ua mmoja wa wazee na uongo wao. Sikitikeni mkitaka. Mimi sikusikitika siku ile. Mama alikata tonge la kwanza, akampa mjukuu wake, akamwonyesha alama za nyundo zilizofichuka chini yake, moja baada ya nyingine. Musao alikuwa bado amesimama na kikombe kitupu. Akakiweka chini, akanawa mikono, akapiga magoti yake mabovu kando ya Mama, akala nasi. Papa Kyungu na wengine walingoja. Bukari ikapoa, wakaila hivyo hivyo.