Mnyama Wangu ni Fisi

Hoteli niliyofanyia kazi mtaa wa Al Sadd, katika nchi ya Kiarabu, ilikuwa na mkahawa wa Kiitaliano, na ukuta mmoja wa mkahawa huo ulijaa ngao za koo za mabwana wa zamani wa Italia. Zilikuwa ngao kumi na mbili za mbao, zimepakwa rangi, kila moja na mnyama wake, na chini ya mnyama maneno ya Kilatini. Meneja wetu, ambaye sote tulimwita mudiri, alitugawia karatasi tukariri kama watoto wa katekisimu. Mgeni akiuliza, mhudumu ajibu.

Nilizikariri kwa siku mbili, maana kwangu halikuwa jambo geni. Kwetu Nandi kila ukoo una mnyama. Kijana akija kuposa, huulizwa mnyama wake kabla chai haijapoa, na akiwa sawa na wa binti, hakuna harusi, arudi kwao. Mnyama wako humuui, humli, humtukani. Kwa hiyo nilipoona tai, dubu na nyoka pale ukutani nilifurahi kweli. Nikasema, kumbe hawa nao wana kwao.

Mmoja tu sikumpenda, kinyama cheupe cha jamii ya kicheche. *Malo mori quam foedari*, bora nife kuliko kuchafuka. Mudiri alimsifu mno. Mimi niliona ni mnyama ambaye hajawahi kuosha choo.

Ijumaa moja mchana akaja mzee wa Kiitaliano na wageni wanne. Kidoleni alikuwa na pete ya dhahabu yenye kichwa cha kondoo dume, akanionyesha ngao ya tano ukutani. Kondoo yuleyule, *Semper fidelis*, mwaminifu daima. "Huo ni ukoo wa mama yangu," aliniambia kwa Kiingereza, na niliona jinsi alivyojivunia, nikampenda. Nikampa menyu kwa mikono miwili. Akaagiza mbavu za mwanakondoo.

Nilidhani amesoma vibaya. Naapa nilidhani namsaidia. Nikainama nikamwambia taratibu, "Samahani, bwana, hii ni nyama ya kondoo. Mnyama wenu."

Meza nzima ikaangua kicheko. Yeye pia alicheka, lakini masikio yalimwiva. Akaniuliza mnyama wangu ni nani. Nikasema fisi. Hapo walicheka hadi mmoja akaweka uma chini kupangusa machozi. Mzee akasema mwiko wangu ni rahisi, nani angemla fisi? Kisha akapaza sauti meza ya pili isikie, akasema mnyama anayekula maiti hawezi kuwa ngao ya mtu.

Mdomo huponza kichwa, nalijua hilo tangu utoto. Sikunyamaza. "Zamani kwetu maiti alipelekwa porini, na fisi ndiye aliyemzika," nilimwambia. "Hakuchagua tajiri wala maskini, na hakuna aliyemkataa." Kisha nikaenda nikamletea mbavu zake zikiwa moto, kama kazi inavyotaka.

Alasiri mudiri aliniita kwenye stoo ya vitambaa vya meza. Mgeni amelalamika, nimeudhalilisha ukoo wake mbele ya watu. Kesho angerudi kula, nami nisimame mezani pake niombe radhi, niseme mambo ya fisi yalikuwa mzaha. Nikikataa, khalas, ukumbini sitaonekana tena, nitaosha vyombo nyuma. Ukumbi ule niliupigania miaka mitatu, tangu nikiwa msafisha vyoo.

Kulikuwa na mpishi msaidizi, Mganda wa ukoo wa uyoga, tuliyepanda naye basi la wafanyakazi kurudi Al Mansoura tulikoishi. Uyoga haonji hata kwa ncha ya kijiko, na mpishi mkuu hajawahi kumsumbua. Siku hiyo akanieleza sababu, akiniita nyabo, yaani mama, kama wanavyowaita wanawake kwao.

"Nyabo, mimi niliwaambia tu nina aleji. Ukisema mwiko watakucheka. Ukisema aleji wanaandika kwa faili. Na wewe sema ulikuwa unatania, iishe."

"Nikishasema hivyo, nyumbani nitasema mimi ni nani?"

"Nyumbani ni mbali."

"Si mbali hivyo."

Nilimkasirikia njia nzima, ingawa alinitakia mema. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliwaza mikono yangu ndani ya maji ya moto kutwa nzima, na sabuni ile inayochuna ngozi. Nikamwaza pia bibi yangu, ambaye fisi akilia ng'ambo ya mto alinyamazisha nyumba nzima ili yule fisi asikilizwe. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kucheka.

Kesho yake mchana nikasimama mbele ya mzee, mudiri kando yangu ananukia udi. Wageni walikuwa walewale.

"Bwana, naomba radhi kwa kukusahihisha mbele ya wageni wako," nikasema. "Hilo lilikuwa kosa langu. Lakini kuhusu fisi sikuwa natania. Mimi ni wa ukoo wa fisi, na baba yangu, na babu yangu."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mzee alinitazama bila hasira. Aliizungusha pete kidoleni mara mbili tatu. Halafu akafungua menyu, akaagiza mwanakondoo.

Niliandika. Mudiri akaninyang'anya kitabu cha oda palepale, akaninong'oneza nikamalizie zamu yangu kwenye sinki. Sikumjibu kwa kunong'ona. Nilimwambia vyombo najua kuosha, kuukana ukoo wangu ndiko sijui, nikapita katikati ya meza zao nikaenda jikoni.