Viti Vyote Viliondoka, Kikabaki Changu

Jumamosi moja nilifungua mlango wa chumba chetu cha kompyuta, nikakuta viti vyote havipo.

Kimoja tu ndicho kilibaki, katikati ya sakafu. Changu.

Kufuli lilikuwa zima, dirisha zima. Zile kompyuta mbili kuukuu tulizokuwa tunafundishia zilikuwa mezani, hazijaguswa. Mwizi gani anaacha kompyuta anabeba viti vya plastiki?

Msicheke kwanza. Sikilizeni, halafu mtaamua nani wa kuchekwa.

Tulikuwa na kikundi cha kujitolea. Kila Jumamosi, yeyote mwenye kompyuta inayomsumbua anakuja, anayejua anamwelekeza asiyejua. Hakuna ada wala mshahara. Sharti lilikuwa moja: ukijiunga unakuja na kiti chako kutoka nyumbani, unakiacha pale. Siku ukitoka, unatoka nacho.

Kikundi kile nilikipenda kuliko kazi yangu. Niliwahi kuachishwa ukarani kwa kutojua kompyuta, nikafundishwa pale bure mpaka nikapata kazi nyingine. Waliponichagua mwenyekiti nilimwambia mke wangu, hiki kitu hakitafia mikononi mwangu.

Na kilikuwa kinataka kufa kweli. Chumba kilikuwa cha jamaa mwenye duka la magodoro pale chini. Alitupa bure, ila akikikuta kitupu Jumamosi hata moja, anakigeuza stoo. Kila wiki alipanda ngazi kutuchungulia, utadhani anasubiri mgonjwa akate roho.

Aliyekuwa anatuua, kwa akili zangu, alikuwa mtu mmoja. Matroni.

Huyu mama alistaafu uuguzi, ukali hakustaafu. Alikuwa na rula ya mbao. Ukishika mausi ya mtu mwingine, hata kama unamsaidia, rula inatua kwenye vidole vyako wewe msaidizi.

"Mkono wake una kazi gani?" anauliza. "Umlishe na umtafunie?"

Mgeni akija na swali anajibiwa, "Umejaribu nini kabla ya kuja kunisumbua?" Watu wazima, wengine wana wajukuu, niliwaona wakiteremka ngazi machozi yanawalenga.

Mimi sikumpenda tangu zamani, lakini siku aliyonichapa mbele ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, niliyemleta pale kwa mbwembwe zote, nikasema basi.

"Mama, hapa si wodini," nikamwambia.

"Ingekuwa wodini ungeshaua mtu," akajibu, hata hakuniangalia.

Watu wakacheka. Nikawaka. Nikaitisha kura palepale. Nikawaambia watu wanakimbia mdomo wa huyu mama, na wakiisha, chumba kinaliwa na magodoro. Nani anataka abaki?

Kimya. Kila mtu anaangalia viatu vyake.

Nani anataka aondoke?

Kimya vilevile, ila mkono wa shemeji yangu ukapanda. Nikasema imepita.

Matroni hakubishana. Akainua kiti chake, cha mbao, kizito kile, akaanza kuteremka nacho. Seremala akanyanyuka amsaidie. "Kaa chini," akamwambia. "Mkono wangu haujakatika."

Nilifurahi, sitasema uongo. Nililala usingizi wa mtoto.

Jumamosi zilizofuata zilikuwa raha tupu. Hakuna kelele, hakuna rula. Mtu anakuja, ananikabidhi kompyuta yake, namtengenezea, ananishukuru, anaondoka. Mwenye magodoro akichungulia anakuta watu, anateremka kanuna.

"Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Palihitaji ustaarabu tu."

"Mbona sasa unarudi umechoka hivi?" akaniuliza. "Na mbona mdogo wangu kila wiki anakuletea kosa lilelile?"

Nikamwambia aniwekee chai.

Ndipo ikaja ile Jumamosi ya viti. Niliteremka mbio mpaka kwa mlinzi wa jengo.

"Viti viko wapi?"

"Wenyewe wamevichukua jana. Walikuja mmoja mmoja, nikawafungulia, kila mtu na chake."

"Na hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Wewe ni mwenyekiti, na kiti chako kipo."

Nilitamani kumzaba kibao. Nikageuka, nikakutana na mwenye magodoro anapandisha godoro la kwanza. Hana hata haya.

"Ukimaliza kushangaa, nipishe," akasema.

Hapo nikajua hii ni kazi ya nani. Lile limama limewatia watu maneno, linilipizie kisasi. Nikaenda kwake kwa miguu, njia nzima napanga matusi, nachagua lipi litangulie.

Nilikuta mlango wazi. Kabla sijabisha nikasikia, "Mkono wake una kazi gani?" na mlio wa rula.

Sebule ilikuwa imejaa. Viti vyetu vyote vilikuwa mle. Seremala yumo, kinyozi yumo, mwalimu wa chekechea yumo, hadi wale walioteremka ngazi na machozi. Na mbele kabisa, anapuliza vidole vyake, shemeji yangu.

"Hata wewe?" nikamwuliza. "Si ulinyoosha mkono atolewe?"

"Shemeji, nisamehe. Juzi nimeandika barua ya kuomba kazi mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Kwako nilikuwa nasubiri tu umalize."

Seremala akakohoa. "Mwenyekiti, ukitutengenezea tunaondoka na kompyuta nzima na kichwa kilekile. Tuliona aibu kukwambia. Unajitolea sana."

"Kwa hiyo mmechagua kutukanwa."

"Tunatukanwa," akasema, "lakini tunajua."

Iliniuma. Nikamgeukia Matroni. "Umenivunjia kikundi changu."

"Sijamwita mtu. Wiki hii nzima wamekuwa wakija wenyewe kubisha hodi. Nikawaambia sina viti vya kukalisha wavivu, wakaenda kuvifuata."

Matusi yote niliyopanga njiani yakayeyuka.

"Chumba kinachukuliwa sasa hivi," nikasema. Sauti ilitoka ya kilio, na sikujali nani anasikia. "Magodoro yako ngazini. Baada ya leo hatuna pa kwenda. Sebule hii haitaingiza hata mgeni mmoja mpya."

Matroni akaweka rula mezani.

"Wewe kompyuta ulifundishwa na nani?"

Nikatazama sakafu. "Wewe."

"Nilishika mausi yako hata mara moja?"

"Hapana."

"Kazi ulipata?"

"Nilipata."

"Haya. Bebeni viti."

Tukatoka mtaa mzima unatushangaa, watu na kompyuta zao kwapani, viti vichwani. Matroni mbele na kile chake kizito, hakuna aliyethubutu kumpokea. Tulipofika, mwenye magodoro alikuwa anashindilia godoro la tatu mlangoni.

"Toa," Matroni akamwambia. "Au unangoja nikusaidie?"

Alitoa yote matatu, mwenyewe.

Viti vikapangwa. Nikaenda kukaa kwenye changu, palepale katikati, mahali pa mwenyekiti.

"Hicho kisogeze ukutani," akasema Matroni. "Kaa. Sasa mikono yako ikalie."

Nilidhani anatania. Hataniagi.

Nikakaa juu ya mikono yangu, mbele ya shemeji yangu, mpaka kikao kikaisha. Kinyozi alihangaika na faili lililopotea, mimi najua lilipo, vidole vinawasha chini ya mapaja. Akalitafuta, akakosea, akatukanwa, akalipata. Mtu mzima alicheka mpaka akasimama.

Bado simpendi yule mama, na yeye hanipendi, tumeshaambiana. Ila chumba tunacho na magodoro yako chini.

Wewe unayeongoza kikundi chochote, nakwambia hili bure: ukiona watu wako wamekuwa wapole, kila siku wanakushukuru na hakuna anayekukasirikia, usishangilie. Hesabu viti.