Kipande cha Baba

Ninapoishi sasa, Daraja Mbili huku mjini, maji hutoka bombani yakijisikia, na yasipotoka tunalalamika kidogo kisha tunanunua ya ndoo. Kwetu, kwenye mteremko wa Meru, maji yalikuwa ya mfereji. Yalishuka kutoka msituni yakapita mbele ya kila nyumba, katikati ya migomba, na mpaka leo nikisikia maji yanatiririka mahali popote natamani kwetu.

Mfereji uligawanywa vipande. Kila kaya ilisafisha kipande chake, na cha mwenzako hukigusi, kama usivyogusa kitanda chake. Kipande cha mtu kilisafishwa na majirani mara moja tu, kesho yake baada ya kumzika, ili mjane asibaki na msiba na tope kwa pamoja. Mimi wakati huo sikulijua hilo. Nilikuwa nasoma bweni, na mambo mengi ya nyumbani yalinipita.

Likizo moja nilirudi nikamkuta baba amelala, amegeukia ukutani. Nyanya zake zote zilikuwa zimeliwa na kantangaze, kile kidudu kinachotoboa majani na matunda. Alipiga dawa mpaka akachoka, kisha akaingia chumbani. Mama aliwaambia watu ni malaria. Malaria gani hiyo isiyo na homa, inayomfanya mtu aliyekuwa akiimba besi kanisani asiitikie hata shikamoo ya mtoto wake? Niliogopa sana. Mama alikuwa amehamishia dawa zote za shambani kwa jirani, na ingawa hakuniambia kwa nini, nilielewa.

Kipande chetu kikajaa tope na majani ya migomba, maji yakashindwa kupita kwenda kwa walio chini yetu. Maharage yao yakaanza kunyauka. Basi asubuhi moja wakaja na majembe yao, wanaume kwa wanawake, wakaketi ukingoni mbele ya nyumba yetu. Hawakupiga hodi. Waliongea habari za mbuzi na za mahubiri ya Jumapili yaliyowachosha, wakacheka. Mimi niliona aibu: watu wazima wamekaa tu, maji yamekwama, na sababu ni sisi. Nikachukua jembe la mama nikashuka kwenye tope.

Jirani yetu wa chini, mzee mwenye ulimi mkali ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno kwa upole, aliinuka akanishika mkono.

"Weka jembe chini, mwanangu," alisema. "Baba yako hajafa."

Alilisema kwa sauti ya kufika dirishani, na nadhani alikusudia. Nikatoka kwenye tope, nikakaa nao.

Jua lilipokuwa kali wakaondoka. Kesho yake wakaja tena, na keshokutwa, huku maharage yao yakizidi kulala. Mama aliwapelekea chai akilia waziwazi, amechoka na malaria yake ya uongo. Kisha mchana mmoja baba akatoka na jembe, ndevu zimejaa, miguu peku. Hakusalimia mtu. Aliingia mferejini akaanza kuzoa tope, akapumzika, akaanza tena, na hakuna aliyemsaidia wala kumpongeza. Maji yalipopita, yule mzee alimwambia kwamba hata yeye, mwaka kahawa yake ilipokauka, alilala vilevile, na kwamba hospitali ya mjini kuna daktari wa mambo hayo na kwenda kwake si wazimu. Walikwenda pamoja. Baba alirudia kuimba, ila si upesi, na hata baadaye si kila Jumapili.

Siku hizi kwetu wana mabomba ya plastiki. Kila mtu anafungua koki yake na kuifunga, na mfereji umeota nyasi. Nami nakata waridi kwenye grinihausi, huku kuna joto na haraka, na supavaiza anapita nyuma ya migongo yetu. Asubuhi usipofika, mstari wako wa maua anapewa mwingine palepale, na ikifika mchana hakuna anayekumbuka ulikuwa wa nani. Nao hawana ubaya, maua hayasubiri. Ila kuna asubuhi ambazo mimi pia nageukia ukutani, na najua hakuna atakayekuja kuketi mlangoni.

Juzi mama alinipigia simu. Yule mzee amejifungia ndani tangu mahindi yake yalipoungua na jua, chakula anarudisha, hataki kuona mtu. Nikamuuliza baba yuko wapi.

"Yuko hukohuko kwa mwenzake," mama alisema. "Amekaa ukingoni na jembe tangu asubuhi."

Nikamwambia lakini mama, mfereji ule hauna maji.

"Anajua," alisema. "Anamngoja."

Tulipomaliza kuongea nilikaa kitandani na simu mkononi. Nilimwombea yule mzee atoke, na nilimwombea kwa moyo wote. Lakini, Mungu anisamehe, nilitamani niwe mimi niliyelala ndani ya nyumba ile, namsikia baba yangu akikohoa nje.