Saladi ya Soni hailiwi Soni

Juzi nilikuwa kwa mama ntilie pale Soni milimani, nakula wali maharage, nikamsikia dada mmoja wa Dar akihubiri. Ametoka kwenye kozi ya Ayurveda, ile elimu ya kale ya Wahindi ya kula na kujitibu. Kachumbari yake aliisukuma kwa kidole kimoja, kama mjusi aliyekufa.

"Kibichi kinazima moto wa tumboni unaosaga chakula, hasa kwenye baridi kama hii. Kula kilichopikwa, cha moto, chenye tangawizi."

Mimi, mdomo umejaa nyanya mbichi, nilimeza harakaharaka.

Meza ya pili alikaa bibi mkulima, miguuni tenga la majani ya saladi limefunikwa kanga iliyolowa.

"Shikamoo bibi. Hiyo saladi unaila?" dada akamuuliza.

"Marahaba, mjukuu wangu. Niile mimi? Hayo si majani tu!" Akavuta bakuli lake la kabichi, iliyochemshwa mpaka imesahau kuwa ni kabichi. "Sisi tunailima. Mnaoila ni nyie huko Dar."

Miaka yote tunakaripiwa kwamba tunaua mboga kwa kuzipika. Leo Wahindi wa kale wametuunga mkono, nikadhani bibi atapiga vigelegele.

Dada alifurahi kweli. "Kumbe Ayurveda unaijua! Nikirudi Dar nitawaambia wote waache saladi."

Bibi aliacha kutafuna. Alichungulia nje, ambako lori la Dar lilikuwa linapakia mboga, kisha akamshika dada mkono.

"Mjukuu wangu, elimu yako ni ya kweli kabisa. Iache hapahapa Soni."