Mama Niliyemponya kwa Spika

Nilipokuwa nauza mitumba sokoni Makambako, wateja walinisikia kabla ya kuniona. Nilikuwa nimejifunza kuongea kama watangazaji wa redio, lafudhi ya kwetu nimeifungia ndani, na nisiseme uongo, nilijiona mtu.

Jirani yangu pale sokoni, muuza dawa za unga wa mizizi, akaniomba nimrekodie tangazo kwenye simu. Maneno aliniandikia mwenyewe: "Mama yangu aliteswa na presha miaka mingi. Nikampa unga huu. Leo vidonge katupa, analima mwenyewe!" Ni kweli mama yangu ana presha, ila vidonge alikuwa anameza kila siku na unga huo hajawahi kuuona. Nikasoma tu. Akataka nitie huruma. Nikarudia, na kwenye neno "mama" sauti ikatetemeka mpaka wenzangu wakapiga makofi. Tangu hapo wakawa wananitania, "Mama hajambo? Bado analima?" Nami najibu, "Analima!"

Siku niliyokwenda kijijini Yakobi kumwona mama, nilimkuta jikoni karibu na moto, macho mekundu, kichwa amekikaza kwa kitambaa.

"Kamwene, mama."

Akaitikia salamu ya kwetu kwa taabu. Nikamuuliza kama anameza vidonge vyake.

"Niliacha."

"Uliacha? Nani kakwambia uache?"

Akanitazama kama vile namtania. "Si wewe, mwanangu? Ilipita pikipiki ya matangazo yenye spika hapa, mimi naanua nguo. Nikasema, huyu hata akijifanya wa Dar, ni wangu. Nikanunua makopo mawili."

Kumbe yule muuza unga alikuwa anazungusha sauti yangu vijijini na mimi sina habari!

"Mama, yule si mimi. Yaani ni mimi, lakini lile ni tangazo tu!"

"Ulisema mama yako amepona," alinijibu taratibu. "Na mama yako ni mimi. Nikajua ndivyo ulivyoamua kuniagiza."

Nikampigia muuza unga palepale, nafoka, afute. Akacheka. "Dada, hiyo sauti si yako tena. Wenzangu wanayo mpaka Wanging'ombe." Nilitamani kuitupa ile simu motoni. Badala yake nikamvisha mama sweta, nikaita bajaji, tukaenda hospitali Njombe mjini.

Nesi alimpima, akapima tena, kisha akatugeukia kwa hasira. "Presha imepanda hivi! Nani alimwambia mama huyu aache dawa?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema ni ile sauti yangu iliyokuwa ikisimamisha watu sokoni.

Mama akaniwahi. Akanishika mkono chini ya kitenge chake, akaubana.

"Mwanamke mmoja tu wa kwenye spika, mwanangu," alimwambia nesi. "Simjui."